Fundi wa Meno Aliyeombwa Kurudisha Sauti ya Butere

Saa tatu kasoro dakika chache asubuhi, Jescah Ayuma anamwambia mteja wake, kwa mara ya nne, ahesabu kutoka sitini hadi sabini.

Mteja huyo, Christine, anauza nguo za watoto sokoni Kakamega. Amekalia stuli ya plastiki, mikono magotini, na mdomoni mwake mna meno ya juu ambayo bado yameshikiliwa na nta. Anahesabu. Akifika sitini na sita anafunika mdomo na kucheka.

"Usicheke, mama. Ukicheka sisikii kitu," Jescah anamwambia, naye hatabasamu.

Christine anauliza tangu lini meno yakawa ya kuhesabia. Yeye alikuja kutengenezewa meno ya kutafunia nyama. Jescah anashusha pumzi. Anamweleza kwamba plastiki ya meno ikiwa nene kupita kiasi atatafuna nyama vizuri sana, lakini akimwita mwanawe kutoka chumba cha pili, mtoto hataitika kwa kuwa hataijua sauti. Kisha anamwomba aanze tena, sitini, kwa kuwa namba hizo zimejaa S, na S ndiyo inayofichua meno yasiyokaa sawa.

Jescah, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni fundi wa meno ya bandia. Chumba chake kiko nyuma ya duka la dawa, kina dirisha moja, meza ya mbao iliyojaa vumbi jeupe la plasta, na jiko la gesi lenye sufuria kubwa. Wateja wake wengi humwita daktari, na yeye amechoka kuwasahihisha.

"Mimi si daktari. Daktari anang'oa, mimi napika," anasema.

Neno kupika analitumia kwa maana yake kamili. Daktari humtumia chapa ya kinywa cha mgonjwa. Jescah huimwagia plasta, akapata mfano wa fizi, akapanga meno juu ya nta, kisha nta ile huondolewa na nafasi yake hujazwa plastiki ya rangi ya fizi ambayo huiva kwenye maji yanayochemka. Kwa mwezi hutengeneza seti nne au tano. Akishalipa kodi na kununua vifaa hubaki na takriban shilingi elfu ishirini na tano, na ana watoto wawili shuleni.

Anasema kwa miaka kumi ya kazi hii hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu sauti. Watu waliuliza kama meno yatakuwa meupe. Waliuliza kama yatavunjika wakitafuna mahindi ya kuchoma. Kisha, mwezi wa sita mwaka jana, akaja Mzee Phineas Were kutoka Butere.

Mzee Were, mwenye miaka sitini na saba, alikuwa karani wa mizani ya miwa hadi alipostaafu. Lakini kule kwao hajulikani kwa mizani. Anajulikana kwa matanga. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu akifa vijiji vya karibu, yeye ndiye aliyeombwa kusimama mbele ya waombolezaji, kueleza maisha ya marehemu, kutuliza jamaa waliokosana na kupokea rambirambi za wageni. Hakuwahi kudai malipo. Alipewa kuku, au sukari, au shukrani tu.

Meno yake ya juu yalikuwa yameoza na kumtesa kwa miaka mingi. Daktari aliyang'oa yote kwa awamu tatu, na fizi zilipopona Jescah akamtengenezea seti mpya. Mzee aliivaa pale pale chumbani, akajitazama kwenye kioo, akapendezwa. Alitoka nje akampigia simu mke wake, Rosebella, amwambie kazi imekwisha.

Rosebella alikata simu.

Alipopigiwa tena alikata tena, kisha akaizima. "Nilijua ni wale matapeli wa simu," anasema Rosebella, ambaye hadi leo haoni kama alikosea. "Namba ni ya mzee, lakini mtu anayeongea si mzee. Miaka arobaini na moja nimekaa na huyu mtu. Kwani mimi sijui sauti yake?"

Jescah aliposimuliwa kisa hicho alicheka. Alimwambia mzee kwamba ulimi ni mgeni kwenye meno mapya, asubiri wiki mbili utazoea.

Wiki mbili zilipita na ulimi haukuzoea. Mzee Were alialikwa kwenye mazishi ya jirani. Alisimama, akaanza vizuri, kisha akafika mahali pa kuwashukuru watu kwa rambirambi zao. Neno lilitoka kama "lambalamba". Vijana waliokuwa nyuma waliangua kicheko. Alijaribu tena, likatoka vile vile, na safari hii hata mjukuu wa marehemu aliinamisha kichwa huku mabega yakimtikisika.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Jescah kabla hajafungua.

"Hii si sauti yangu," alimwambia. "Mimi sisemangi hivi."

Jescah aliyatoa meno na kuyatazama. Hakuona kosa. Yalikaa sawa na fizi, yalishika vizuri, yalipendeza. Lakini alipomketisha mzee na kumwomba aseme maneno machache, alisikia. Kila R iligeuka L nzito, kama ya mtoto anayejifunza kusema, na kila S ilikuwa na mbinja ndani yake.

Anaeleza kwamba alilazimika kukumbuka mambo aliyoyasoma mchana mmoja tu chuoni Nairobi na kuyasahau siku iliyofuata.

"Sauti inaanzia kooni, na kule ni mngurumo tu," anasema. "Ikipanda juu inakutana na nafasi. Nafasi ya koo, ya mdomo, ya pua. Imba ndani ya mtungi, halafu imba ndani ya ndoo. Wimbo ni ule ule, lakini mtu aliye nje atasema ni watu wawili. Sasa mimi nimemwekea mzee plastiki kwenye dari ya mdomo. Nimempunguzia chumba. Na ulimi wake ulikuwa unajua ukuta uko wapi tangu akiwa mtoto. Leo unafika, ukuta umesogea."

Akaiparua plastiki nyuma ya meno ya mbele hadi ikawa nyembamba. Mzee akaondoka akiwa na matumaini. Siku ya tisa seti ikapasuka katikati akila ugali na kuku. Jescah akapika upya bila malipo.

Seti ya pili ilifika mbali mno upande wa nyuma, ikagusa ile sehemu laini inayoinuka mtu anapotamka, na mzee akawa anaongea puani kama mwenye mafua. Mzee akairudisha. Jescah akapika tena.

Kwenye seti ya tatu Jescah aliamua kumaliza jambo hili. Alichonga mikunjo midogo kwenye plastiki, nyuma ya meno ya mbele, kama ile iliyo kwenye kaakaa la kila mtu, ili ulimi upate mahali pa kushika. Aliifanyia kazi siku tatu. Mzee alipoivaa, R ilitoka safi kabisa. Alisema rambirambi, akasema barabara, akasema Ramadhani, yote bila dosari. Jescah alitamani kupiga makofi.

Siku nne baadaye Mzee Were alirudi na meno yamefungwa kwenye leso.

Alieleza kwa upole, kama mtu anayeogopa kumkosea mwenzake adabu, kwamba watu wa kijijini sasa wanamwuliza alisomea wapi. Shemeji yake anamwita mtangazaji wa habari. Alipokuwa akiomba kwa ajili ya chakula, mke wake alifungua macho kumtazama. R ile ilikuwa nzuri, alisema, lakini haikuwa ya kwake. Watu wa kwao hawana R ya namna hiyo wala L ya namna ile. Wana kitu kilicho katikati.

Hapo Jescah alikasirika, na anakiri hivyo bila aibu.

"Mimi nilisoma shule ya msingi kule Iguhu. Darasa la nne mwalimu alikuwa anatuchapa kwa hiyo L na R. Ukisema 'kurara' badala ya 'kulala', fimbo. Nimechapwa kwa hiyo herufi mpaka ikakaa sawa. Sasa mtu mzima nampa R safi, ambayo mimi nililia kuipata, ananirudishia amefunga kwa leso. Nilimwambia, Mzee, hayo ni meno ya tatu. Mimi ni fundi, si Mungu."

Mzee Were aliinuka. Alichukua leso yake, akamshukuru, akaenda zake. Jescah alikaa mbele ya jiko bila kuliwasha, mchana wote.

Kwa miezi miwili hakumsikia. Baadaye aliambiwa kwamba mzee alikuwa ameacha kusema mazishini. Walioenda kumwomba aliwaambia anaumwa kifua. Nyumbani alizungumza kidogo tu, na mara nyingi alikaa bila meno ya juu, mashavu yamebonyea. Rosebella anasema kipindi kile nyumba ilikuwa na watu wawili lakini redio ndiyo iliyoongea.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa alifariki Roda, dada mkubwa wa Mzee Were. Mama yao alifariki mzee akiwa na miaka mitatu, na ni Roda aliyembeba mgongoni, aliyemlisha na kumpeleka shule. Kabla ya kufa alikuwa ameacha neno moja kuhusu mazishi yake, kwamba Phineas ndiye atakayesema. Mazishi yalipangwa Jumamosi.

Jumatatu asubuhi mzee na mke wake walifika Kakamega. Waliposalimu mulembe, salamu ya Kiluhya, Jescah aliona nyuso zao na akajua kwamba hasira aliyokuwa ameiweka kwa miezi miwili haina pa kwenda. Aliwapa viti. Rosebella ndiye aliyeongea. Alieleza kuhusu msiba, akaeleza kuhusu neno la marehemu, kisha akasema mzee hawezi kusimama mbele ya jeneza la dada yake na sauti ya mtu wa redio, na hawezi kusimama akiwa kibogoyo.

Jescah akajibu kwa ukali kuliko alivyokusudia. Alisema wamemletea malalamiko kwa miezi mingi kuhusu sauti ya zamani ya mzee, lakini yeye hajawahi kuisikia. Mzee alipoingia chumbani kwake mara ya kwanza alikuwa ameshang'olewa meno. Anatengenezaje kitu asichokijua?

"Wewe ni wa Iguhu," Rosebella akamjibu. "Hata ungemsikia, hujui vile sisi wa Butere tunaongeanga."

Halafu Rosebella akasema kuna mtu aliyempiga mzee picha za video.

Mtu huyo alikuwa mpwa wao Tevin, ambaye alirekodi mazishi ya familia miaka mitatu iliyopita. Kufika jioni alikuwa ametuma video hiyo kwa simu ya Jescah. Ndani yake Mzee Were, akiwa na meno yake mwenyewe, anazungumza kwa dakika kumi na nne.

Jumanne Jescah aliweka visikilizi masikioni na kusikiliza video hiyo akifanya kazi za watu wengine. Anasema mara ya kwanza alisikia maneno tu. Mara ya tatu akaacha kusikia maneno.

"Kitu cha kwanza, huyu mzee alikuwa hafungui mdomo," anasema. "Taya halishuki. Midomo haisogei sana. Sauti inatoka kifuani, inapita kwenye nafasi ndogo, inatoka nzito lakini laini. Nikaangalia meno niliyomtengenezea. Nilikuwa nimeyapanga marefu. Si sana, ni kama unene wa sarafu. Lakini mtu mwenye meno marefu hawezi kufunga mdomo sawasawa. Misuli ya mashavu inavutwa kila saa. Mimi nilikuwa nimempa mzee mdomo wazi, halafu nashangaa kwa nini anaongea kama mgeni."

Kwa maneno mengine, miezi yote ile alikuwa akipigana na herufi moja, na kosa kubwa lilikuwa kwenye taya. Anasema kugundua hivyo kulimuudhi kuliko malalamiko yote ya mzee.

Jumatano mzee alirudi pamoja na Rosebella. Jescah alipanga meno mapya kwenye nta, mafupi kuliko yale ya kwanza. Kisha akanyunyiza unga wa ngano kwenye nta ya kaakaa, upande unaoguswa na ulimi, akamvalisha na kumwambia aseme neno moja tu, rambirambi, kisha afungue mdomo. Pale ambapo ulimi umegusa, unga utafutika.

Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza mzee alimeza mate na unga wote ukaenda. Mara ya pili alikohoa. Mara ya tatu aliulamba kwa mazoea ya ulimi, na Jescah akamwambia kwa sauti ya juu kwamba huo unga si chakula. Rosebella, aliyekuwa amekaa pembeni, aligeukia ukutani ili asionekane akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

Mara ya nne wakapata. Unga ulikuwa umefutika kwa upana wa kidole gumba, maana yake ulimi ulikuwa unajibandika wote na kutoa ile L nzito. Jescah akakwangua nta kidogo pale nyuma ya meno, akaweka mikunjo myepesi kuliko ya seti ya tatu, akaisogeza nyuma kidogo. Unga tena. Neno tena. Kila baada ya jaribio walisikiliza video, kisha walimsikiliza mzee, na Rosebella ndiye aliyekuwa hakimu. Alisema hapana mara tisa. Jescah alizihesabu.

Saa kumi na moja jioni alama ya ulimi kwenye unga ilikuwa ndogo kama punje ya maharagwe. Ulimi ulikuwa unagonga na kuondoka, haukai. Mzee akasema rambirambi, na haikuwa R wala L.

Rosebella hakusema ndiyo. Alimwambia mume wake, kwa Kimarama, lugha ya kwao Butere, waende nyumbani kabla giza halijaingia kwa sababu ng'ombe hawajakamuliwa. Jescah anasema hapo ndipo alipojua wamefika, kwa kuwa mama huyo alikuwa amesahau kuhukumu.

Alhamisi alipika. Ijumaa alikwangua, akasugua kwa msasa, akang'arisha, na jioni mzee akaja kuyachukua. Jumamosi alifunga chumba chake, jambo ambalo halifanyi siku ya soko, akaenda Butere akiwa na tupa ndogo kwenye mkoba. Hakuwa amewahi kwenda kusikiliza meno yake yakifanya kazi.

Alisimama nyuma ya turubai, karibu na masufuria. Mzee Were aliitwa. Alisogea mbele ya jeneza.

Mzee aliongea karibu nusu saa. Alieleza jinsi Roda alivyouza miwa iliyokatwa vipande kando ya reli ili yeye apate kaptura ya shule. Alieleza jinsi dada huyo alivyomchapa alipotoroka darasa. Kisha akasema jambo ambalo Jescah alilirudia kwa mwandishi huyu polepole, neno kwa neno.

"Mama alikufa kabla sijajua kuongea vizuri. Haya maneno mnasikia, ni Roda aliniwekea mdomoni. Leo namrudishia."

Wazee waliitikia kwa kuguna. Wanawake waliokuwa mbele walilia bila kujificha. Aliposhukuru kwa rambirambi hakuna aliyegeuza kichwa, na Jescah akafahamu kwamba watu walikuwa wamesahau kabisa kuwa kulikuwa na meno.

Yeye hakusahau. Alisikia mbinja mara mbili, kwenye neno "sisi" na kwenye neno "Sabato". Baada ya mazishi alimwendea mzee na kumwomba ampe meno dakika tano akayasugue.

"Mwanangu," mzee alimwambia, "hebu acha. Kula kwanza."

Alikula. Lakini mbinja zile zinamkera mpaka leo.

Kisa hicho kilisambaa, na hakikuenea kwa namna aliyoipenda. Kijana mmoja, Griffin, alikuja kutoka upande wa Sigalagala akiwa na meno yake yote thelathini na mawili, akataka atengenezewe kifaa cha kumwondolea lafudhi ili apate kazi ya kupokea simu za wateja Nairobi. Jescah alimwambia kwamba lafudhi ni mazoea ya misuli, ulimi na taya na midomo vimefundishwa mahali pa kukaa tangu utotoni, na hakuna plastiki ya kuondoa mazoea. Kijana akauliza kama kwa bei ya juu haiwezekani. Mama mwingine alimletea mtoto wa miaka sita anayesema R kama L. Jescah alimpa mtoto biskuti na kumrudisha nyumbani.

Hata hivyo kazi yake imebadilika. Hakuna meno yanayoingia kwenye maji ya moto siku hizi kabla mteja hajahesabu sitini hadi sabini na hajatamka kwa unga. Inamchukua siku mbili zaidi kwa kila seti, na wateja wananung'unika. Anaowatengenezea kwa mwezi wamepungua, lakini wanaorudi na malalamiko wamepungua zaidi.

Analolitaka sasa ni kwamba kila mgonjwa anayekwenda kung'olewa meno mjini arekodiwe kwanza akizungumza, hata dakika mbili, kwa simu ya kawaida. Asome chochote, au aeleze alivyolala. Amezunguka kwa madaktari wanne wa meno kuwaomba. Mmoja alikubali. Wawili walisema watafikiria, na hiyo ni tangu mwezi wa pili. Wa nne alimwuliza kama siku hizi anafanya kazi na polisi.

Simu yake ina sauti za watu kumi na saba. Kila moja ameiandika jina na kijiji. Anatarajia kuzifikisha mia moja kabla ya mwaka kwisha, kisha akaombe nafasi ya kuwaonyesha mafundi wenzake wa kaunti za jirani jinsi ya kufanya. Tulipomwuliza kama wenzake watakubali kuongezewa kazi, alifuta unga mikononi na kumwita Christine arudi kwenye stuli.

"Wakatae," alisema. "Mimi meno nitayatengeneza tu, ndiyo kazi yangu. Lakini sauti ambayo sijawahi kuisikia, nitaitolea wapi?"